Kumi na Moja kwa Bila

Baba yangu aliwahi kukimbizwa na uwanja mzima kwa sababu ya penalti. Hilo lilitokea kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kabla hatujaletwa Minnesota, Marekani, na yeye hulisimulia kama watu wengine wanavyosimulia harusi yao. Dakika ya tisini, kanda yetu dhidi ya kanda ya jirani, beki ameunawa mpira, filimbi ya baba, kidole kwenye nukta. Kisha mbio hadi kituo cha polisi. Akifika hapo kwenye hadithi husimama na kunyoosha kidole kwenye zulia la sebuleni, kuonyesha nukta ilipokuwa, na mama humwambia, "Keti, mzee, penalti yako ilishapigwa."

Huku baba husukuma mikokoteni ya mashuka hospitalini, Coon Rapids. Machafu yanashuka, masafi yanapanda. Ni kazi ya kimya. Anasema kuna siku ambazo neno pekee la Kiingereza analoambiwa ni "samahani," na hata hilo anadhani wanauambia mkokoteni.

Sisi tunakaa Columbia Heights, ghorofa ya pili. Mimi niko darasa la kumi, na ndimi mkalimani wa familia. Kazi hii sikuiomba. Daktari, shule, mwenye nyumba, barua zenye kidirisha cha plastiki, vyote vinapitia kinywani mwangu. Ukimpa mtoto mdomo wa familia nzima, halafu mtoto mwenyewe awe mimi, usishangae. Niliwahi kumtafsiria mama kwamba mwalimu wa hesabu anasema nina kipaji cha kupumzika. Mama alimshukuru mwalimu.

Kuhusu mpira wa miguu, niseme mapema kwamba mimi si mchezaji. Wiki yangu ya kwanza shuleni, kocha wa wasichana alinitazama miguu akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia, akafurahi. Siku ya majaribio nilipiga hewa mara mbili, na mara ya tatu nikampiga kocha. Hajanitazama miguu tena.

Shuleni kwetu mfalme ni ile futiboli yao ya kofia ngumu, na akichoka humwachia kiti hoki ya barafuni. Ijumaa jioni bendi inapiga, wazazi wamejipaka rangi usoni, hata mwalimu wa kemia anapiga kelele. Mpira wa miguu unachezwa Jumanne saa kumi, na watazamaji ni akina mama wanne na mbwa. Mvulana mmoja wa darasa letu, mcheza hoki, aliniuliza kwa nia njema kabisa, "Mechi inaweza kwisha bila mshindi? Sasa mlienda kufanya nini?"

Nilimwambia tulienda kuota jua.

Basi mtu wa kanisani kwetu akamwambia baba kwamba kuna ligi ya watoto Coon Rapids inatafuta waamuzi wa Jumamosi asubuhi. Baba akakaa nalo siku mbili bila kusema, kisha akaja mlangoni kwangu. "Mama, washa kompyuta." Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Hata akinigombeza huanza kwa heshima.

Mtihani wa waamuzi ulikuwa kwa Kiingereza. Nilimsomea maswali kwa Kiswahili na akajibu kabla sijamaliza, isipokuwa moja, ambalo alilikataa. "Aliyeandika hili hajawahi kuchezesha mechi," akasema. Alipasi. Wakamtumia jezi ya njano kali, soksi nyeusi na beji ya kushonea kifuani. Akazipiga pasi soksi. Mama akamtazama akipiga pasi soksi, akafungua mdomo, akaufunga.

Halafu akatoa daftari. Kambini alikuwa akinunua daftari la shule la mistari na kulikata katikati kwa wembe ili liingie mfuko wa kifua. Tulipokuja Marekani tulikuja na picha zetu za eksirei za vifua, sufuria moja, na nusu-daftari nne za mechi ambazo hakuna aliyezikumbuka isipokuwa yeye. Sasa alikata la tano.

Jumamosi ya kwanza tulifika uwanjani saa mbili asubuhi. Ulikuwa mwezi wa kumi, nyasi zina barafu nyembamba inayovunjika ukikanyaga. Vidole vyangu vya miguu viliaga mapema. Waamuzi wengine walikuwa na miaka kumi na minne na vyuma menoni. Baba alimpa kila mmoja mkono, mmoja baada ya mwingine, akiinamisha kichwa kidogo, kama anavyowasalimu wazee wa kanisa.

Msimamizi wa ligi alikuwa Mzungu mrefu aliyevaa kaptula kwenye baridi ile, miguu myekundu kama nyama buchani. Alitueleza utaratibu. Kwa watoto wa miaka saba, alisema, hatuhesabu magoli. Hakuna mshindi, hakuna ubao, hakuna msimamo wa ligi. Tunataka wafurahi. Mtoto akiuliza matokeo, mwambie wote wamecheza vizuri. Akasema hilo ndilo jambo kuu, akanitazama ili nilitafsiri sawasawa.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anasema uandike magoli kwa makini sana," nikasema. "Hawa watu wanapenda rekodi."

Sina maelezo marefu ya sentensi hiyo. Nilikuwa na usingizi, miguu imekufa, na niliona itachekesha. Nilipanga kumwambia ukweli baada ya dakika tano. Baba akagonga mfuko wa daftari na kumwambia mwenye kaptula, kwa Kiingereza chake, "Ndiyo. Makini sana." Mwenye kaptula akainua dole gumba. Wote wawili wakafurahi. Mimi nikaenda kukaa.

Dakika tano zikapita nikila machungwa ya watu. Huko kila mzazi ana zamu yake ya kuleta machungwa yaliyokatwa vipande, na hawaulizi wewe ni wa nani. Wanakaa kwenye viti vya kukunja vyenye tundu la kikombe, na wana sentensi moja, "Kazi nzuri!" Mtoto akifunga, kazi nzuri. Akianguka, kazi nzuri. Akiukimbia mpira kwa woga, kazi nzuri, mpenzi.

Baba alichezesha kana kwamba ni fainali. Saa mbili mkononi, moja kila upande. Kwenye mpira wa adhabu alihesabu hatua na kuwapanga watoto ukuta, nao wakashika vifua badala ya kule wanakoshika wachezaji. Mtoto mmoja wa bluu aling'oka jino, akasimamisha mechi kumwonyesha. Baba akachana karatasi kwenye daftari, akalifunga jino, akamrudishia, akaongeza dakika moja. Wazazi walianza kumpenda. Nilimwona mmoja akimpiga picha.

Mechi ikaisha, na baba akafanya alichofanya siku zote. Kambini matokeo yalikuwa yakibadilika njiani. Uwanjani ni mbili kwa moja, ikifika kwenye ubao wa mahali pa kugawia chakula imekuwa mbili kwa mbili, na watu wanapigana kwa ajili ya ubao. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu. Anaita manahodha katikati, anamshika kila mmoja kifundo cha mkono, anasoma daftari kwa sauti ya kufika nyuma kabisa. Baada ya hapo hakuna wa kubadilisha kitu.

Akashika watoto wawili waliokuwa karibu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu. Rangi na namba za Kiingereza anazijua.

"Kijani, kumi na moja. Bluu, bila."

Akina mama, akina baba, mababu, mbwa, wote wakamgeukia.

Yule wa bluu akainua uso. "Tumefungwa?"

"Ndiyo," baba akamjibu kwa upole. "Sana."

Mtoto akajilaza kwenye barafu, chali, mikono ameitanua. Wa kijani wakaanza kupiga kelele ambazo nadhani walikuwa wamezibana tangu wazaliwe.

Nilicheka. Nilificha mdomo ndani ya kola ya koti na nikacheka hadi nikaona baba anayatafuta macho yangu, ajue amekosea nini. Hapo kicheko kikakatika. Hakuna kitu kingine kilichoingia mahali pake.

Jumatatu mwenye kaptula akapiga simu, kwenye namba yangu, kwa kuwa ndiyo namba ya familia. Wazazi walikuwa wamelalamika. Alisema baba ni mtu mzuri, hilo linaonekana, lakini labda mazingira haya hayamfai. Aje Jumamosi na jezi na beji, wamalizane vizuri. Aliongea polepole na kwa huruma. Watu wa Minnesota wanaweza kukufukuza kwa sauti ileile ya kukukaribisha chai.

Baba alikuwa anamenya viazi. "Ni nani?"

"Wa ligi. Anataka kukuona Jumamosi. Uje na jezi na beji."

Yote ni kweli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutafsiri bila kuongeza chumvi, na ndiyo tafsiri iliyoharibu zaidi.

"Na beji?" Akaweka kisu chini, akamgeukia mama. "Wananipandisha. Wameona ninavyoandika."

"Watakupa wakubwa?"

"Wakubwa, ndiyo. Wa miaka kumi na miwili, labda."

"Angalia usikimbizwe tena," mama akasema, "huku hatujui hata polisi wako wapi."

Wakacheka wote wawili. Baba kucheka siku ya Jumatatu, baada ya shifti, si jambo la kila wiki. Mimi nikakaa pale nikingoja kujisikia vibaya. Sikusikia kitu. Nilikula viazi vyangu, kisha nikala na vya mdogo wangu.

Wiki hiyo ilikwenda hivyohivyo. Nilijibonyeza mahali ambapo niliamini aibu inakaa na nikakuta pamekufa ganzi, kama ukitoka kwa daktari wa meno na kujigusa shavu. Jumatano kwenye ibada walisimama kumwombea "mwamuzi wetu, Bwana amwinue," na mimi nikasema amina pamoja na wengine, kwa sauti nzuri tu.

Alhamisi, mwalimu wa Kiingereza alitupanga kwa mdahalo. Je, mpira wa miguu unaendana na michezo ya Marekani? Niliwekwa upande wa ndiyo, nadhani kwa sababu ya sura yangu. Yule mcheza hoki alikuwa upande wa hapana. Alisema Mmarekani anataka namba, anataka matokeo, anataka ajue nani kashinda kabla hajaenda kutafuta gari lake. Mechi inayokwisha sare, alisema, ni kama kulipia chakula ukaletewa harufu.

Nikasimama. "Unasema mnataka kujua nani ameshinda," nikamwambia. "Nenda Coon Rapids Jumamosi asubuhi. Kuna watoto kule wamefungwa msimu mzima na hawajaambiwa. Mpira mmeupokea, mmeununulia viti na machungwa. Ila mmeogopa kuuliza ngapi kwa ngapi."

Darasa likacheka. Hata mcheza hoki alipiga meza. Mwalimu akasema hoja nzuri, akaandika kitu. Nikarudi kukaa, na kile kicheko kikanipita kama basi lisilo langu. Nilikuwa nimetumia mechi ya baba kupata maksi. Mpira ulikuwa umeshaingia Marekani, umepewa magari ya minivani na mashamba ya nyasi. Aliyekuwa anaambiwa hafai ni mtu mmoja wa Columbia Heights mwenye soksi zilizopigwa pasi, na kati ya watu wote kwenye jimbo hili, ni mimi tu niliyejua sababu.

Jumamosi baba alivaa jezi tangu nyumbani. Alikuwa amenyoa. Uwanjani, mwenye kaptula alikuwa kwenye kibanda cha vifaa, anapanga koni. Akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, na nikajua atakuwa mpole sana.

"Muulize ni wa umri gani," baba akaninong'oneza.

Mwenye kaptula akaanza. Mwambie tunamshukuru. Mwambie hakuna aliyemkasirikia. Mwambie tu kwamba hapa tuna namna yetu, na huenda yeye akafurahia zaidi mahali pengine. Akanyamaza ili nitafsiri. Baba alikuwa amesimama mikono nyuma, kifua mbele, kama wanavyosimama kwa wimbo wa taifa.

Nikamjibu mwenye kaptula kwa Kiingereza. "Hakukosea. Ulisema asihesabu. Mimi nikamtafsiria kwamba ahesabu."

"Kwa nini?"

"Niliona itachekesha."

"Ilichekesha?"

"Kidogo. Yule mtoto alipolala."

Hakucheka. Sikutegemea acheke. Nilikuwa naongea kwa sauti ya kuagiza chipsi, na nilijua, lakini hiyo ndiyo sauti niliyokuwa nayo.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Bado, Baba."

Mwenye kaptula alimtazama baba kuanzia beji hadi soksi. Kisha akaonyesha mfuko wa kifua na kuomba, kwa ishara, aone. Baba akampa daftari. Akalifungua taratibu. Kila goli lilikuwa na dakika na namba ya jezi, mwandiko umesimama wima. Pembeni palikuwa na neno "jino," na dakika yake. Mwenye kaptula akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Mimi nilihesabu kumi," akasema.

Nikamtazama. Masikio yakamwiva kufanana na miguu.

Namba baba anazielewa bila mimi. "Kumi na moja," akasema, akagonga ukurasa. "Namba tisa. Dakika ya thelathini na moja."

"Ule ulivuka mstari?"

"Wote," baba akasema, na akaonyesha kwa viganja viwili mpira ulivyovuka.

Mwenye kaptula akafikiri. Nyuma yetu watoto walishafika, na mwamuzi wao, mmoja wa wale wenye vyuma, hakuwa amekuja. Majaribio ya hoki yalikuwa yameanza. Hatimaye akamrudishia baba daftari na kunigeukia mimi. Achezeshe hii, akasema. Lakini hakuna kuandika, hakuna kusoma. Halafu akaniambia nitafsiri polepole na yeye akisikiliza, ingawa hajui Kiswahili hata kidogo.

"Anasema wanakuhitaji sasa hivi," nikamwambia baba. "Ni walewale wadogo. Magoli hayahesabiwi. Usiandike wala usiyasome mwishoni. Ni sheria yao, na safari hii ni kweli."

Baba alinitazama kwa muda nilipotaja "safari hii." Kisha akaniwekea daftari mkononi na kwenda katikati ya uwanja.

Alichezesha vizuri. Saa mbili, hatua za kuhesabu, ukuta wa vifua. Ilipokwisha akapiga filimbi mara tatu, na hapo mikono ikakosa kazi. Ilienda mfukoni, ikakuta mfuko mtupu, ikashuka. Watoto walimpita wakienda kwenye machungwa. Mmoja aliyekuwa na pengo akamgusa kiganja akipita.

Kwenye gari hakuwasha redio. Hita yetu hupuliza upande wa dereva tu, kwa hiyo miguu yangu ilibaki kama nilivyotoka nayo. Tulipita duka la matairi, kisha duka jingine la matairi.

"Ulimwambia nini yule mtu?"

"Kwamba kosa lilikuwa langu."

"Lilikuwa lako?"

"Alisema usihesabu. Mimi nikakwambia uhesabu."

Tukaendelea. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kama walivyomfundisha kwenye mtihani wa leseni.

"Kwa hiyo hawakuwa wananipandisha."

"Hapana. Walikuwa wanachukua jezi."

"Na kanisani nimeshasema."

"Ndiyo, Baba."

Taa ikawa nyekundu. Baba akafungua zipu ya mfuko, akatoa kadi ya njano, akaiinua mbele ya uso wangu, mkono umenyooka hadi ukagusa paa la gari. Akaishikilia hapo bila haraka. Kisha akanyoosha kiganja, nikampa daftari. Akatazama saa ya kushoto, akaandika dakika, akaandika jina langu lote, lile la mama yake. Taa ikawa kijani. Magari yaliyokuwa nyuma yetu yalingoja. Minnesota hawapigi honi.

"Ya pili ni nyekundu," akasema.

"Najua."

"Unajua, mama. Lakini nimekwambia."

Akaondoa gari. Nilijaribu kutafuta la kuchekesha na sikulipata, nikatazama nje. Tulikuwa tumeshaingia Columbia Heights, karibu na kituo changu cha basi la shule, alipofungua mdomo tena.

"Ya leo ilikuwa ngapi?"

Nilikuwa nimehesabu. Sijui kwa nini, lakini nilihesabu, kwa vidole, ndani ya mifuko ya koti. "Sita kwa nne. Kijani."

"Saba kwa nne," baba akasema, akiwasha indiketa. "Ule wa pili, wewe ulikuwa unaangalia simu."